Kutoka Katwe hadi Ikweta: Kazi ya Kutia Tinti Vioo vya Magari

Atokaye katikati ya jiji la Kampala, akaupita Mnara wa Saa na kushika njia ya kusini, haendi mbali kabla hajapokewa na mlio wa nyundo. Hapo ni Katwe. Mtaa huu umekaa bondeni, karibu na mwinuko wa Mengo ulipo Lubiri, makao ya Kabaka wa Buganda. Tangu zama za ukoloni Katwe ulikuwa mtaa wa mafundi, wachapaji wa magazeti na watu wa siasa. Baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia na biashara kuyumba, spea za magari ziliadimika nchini. Nao mafundi wa Katwe wakafua kwa mikono yao vile ambavyo zamani vilifika kwa meli. Tangu hapo kusema kitu fulani "kimetengenezwa Katwe" kuna maana mbili: ni sifa kwa ufundi, na wakati mwingine ni dhihaka kwa kitu cha kuiga.

Mbele ya Katwe ni mzunguko wa Kibuye, ambapo barabara hugawanyika. Moja yashika Entebbe, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Nyingine yapinda kuelekea magharibi na kupita Ndeeba, Nateete na Busega hadi Masaka. Ndeeba ni mtaa wa mbao na gereji, na si mbali na Ziwa la Kabaka, ambalo Kabaka Mwanga aliwachimbisha watu wake katika miaka ya 1880. Asubuhi vumbi la misumeno huchanganyika na vumbi la barabara, na katikati ya vumbi hilo hufanywa kazi ambayo haina adui mkubwa kuliko vumbi: kazi ya kutia tinti vioo vya magari.

Kivuli kilichokuja na meli

Magari mengi yaonekanayo Kampala yamekwisha tumika Ujapani kabla ya kupakiwa melini, kushushwa Mombasa, na kuendeshwa nchi kavu hadi Uganda. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari mengi yaliyozidi umri wa miaka 15, lakini haikubadili asili ya magari yenyewe. Atazamaye gari la namna hiyo kwa makini ataona kwamba kioo cha mbele na vioo viwili vya milango ya mbele ni vyeupe, hali vioo vya nyuma mara nyingi ni vyeusi. Sheria ya Ujapani yataka vioo vya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya nuru, na yaacha vioo vya nyuma huru.

Weusi wa vile vioo vya nyuma aghalabu si karatasi iliyobandikwa. Ni rangi iliyochanganywa katika kioo chenyewe kiwandani, na haibanduki wala haichuji. Mwenye gari asiyejua jambo hili huingia gerejini na kutaka gari zima "lilingane." Fundi asiye na uangalifu huchukua karatasi nyeusi na kuibandika pande zote, juu ya kioo cheupe na juu ya kioo cheusi pia. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Kioo cha kiwandani cha nyuma huenda kikapitisha asilimia 20 tu ya nuru. Karatasi nayo ikiwa ya asilimia 20, zile mbili hazijumlishwi wala hazilingani, huzidishwa. Asilimia 20 ya asilimia 20 ni asilimia 4. Kati ya kila sehemu mia za nuru zilizofika kiooni, nne tu ndizo zinazoingia. Hata katika kioo cha mlango wa mbele hesabu ni hiyo hiyo: kioo kipitishacho asilimia 70, kikibandikwa karatasi ya asilimia 35, hubakiza chini kidogo ya asilimia 25. Kwa hiyo mnunuzi aliyeambiwa kwamba karatasi yake ni "ya thelathini na tano" anapaswa kujua kwamba robo ya nuru ndiyo atakayobaki nayo.

Weusi si ubaridi

Watu wengi hutafuta tinti kwa sababu ya joto, na haja hiyo ni ya haki. Kampala iko karibu sana na Ikweta, na jua la mchana hupiga kutoka utosini. Lakini mengi husemwa gerejini ambayo hayana ukweli, na la kwanza ni kwamba kioo kadiri kilivyo cheusi ndivyo gari lilivyo baridi.

Nguvu ya jua ifikayo ardhini ina sehemu tatu. Karibu nusu yake ni mionzi ya joto ambayo jicho haliioni. Karibu nusu nyingine ni nuru ionekanayo. Sehemu ndogo iliyosalia ni mionzi ya urujuanimno, ambayo nayo haionekani, lakini ndiyo ichomayo ngozi, ififishayo vitambaa vya viti na kupasua ubao wa mbele wa gari. Karatasi ya bei ndogo, iliyotiwa rangi tu, huzuia nuru ionekanayo, na mionzi mingi ya joto huiacha ipite. Abiria hukaa gizani na jasho likimtoka.

Karatasi yenyewe ni tabaka jembamba la poliesta, kitu kile kile kifumwacho nguo. Wavumbuzi wa poliesta hiyo, Whinfield na Dickson, waliipatia hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1941. Ile iliyotiwa rangi peke yake ndiyo rahisi kuliko zote, nayo ndiyo igeukayo zambarau baada ya miaka michache, kwa kuwa jua huivunja rangi yake. Ya pili ina chembe za madini. Hurudisha joto vizuri, ila yaweza kudhoofisha mawimbi ya redio na simu. Ya tatu ni ya kaboni, isiyochuja upesi wala kuingilia redio. Ya nne ni ya seramiki, ambayo ni ghali kuliko zote. Sifa yake ni kwamba yaweza kuzuia sehemu kubwa ya mionzi ya joto hali ikiwa karibu nyeupe. Tena, karatasi yoyote iliyo bora, hata isiyo na weusi, huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno.

Basi swali la busara kwa fundi si "Unayo nyeusi kuliko hii?" Swali la busara ni "Hii yazuia joto kiasi gani, na yapitisha nuru kiasi gani?" Fundi aliyejifunza kazi atatoa karatasi ya kiwanda yenye tarakimu mbili zilizo mbalimbali. Asiye nayo atajibu kwa kusifu weusi.

Kazi yenyewe

Kazi njema huanza kwa maji. Fundi mwangalifu wa Ndeeba huliingiza gari chini ya paa, hufunga upande ule upepo unakotokea, na kuimwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Kisha huosha kioo kwa ndani, kwa maana karatasi hubandikwa ndani na si nje. Hukikwangua kwa wembe mpya, husafisha pembe na mipira ya mlango, halafu hukiosha tena. Nusu ya muda wa kazi yote huenda katika usafi huu, na mteja mwenye haraka ndiye wa kwanza kuuharibu.

Baada ya kuosha huja kukata. Karatasi hutandazwa upande wa nje wa kioo ili ipate umbo lake, nayo hukatwa kwa mkono mwepesi usiochora kioo wala mpira. Chini huachwa ziada ya kuzama ndani ya mlango. Juu, kwenye ukingo wa kioo kinachoteremka, huachwa nafasi ya milimita moja au mbili, ili karatasi isikwaruzwe na kubanduka kioo kinapopanda. Nafasi hiyo ikiwa sawa kutoka pembe hadi pembe, ni dalili ya mkono uliozoea.

Kioo cha nyuma ndicho mtihani wa fundi, kwa sababu kimepinda pande mbili, na karatasi bapa haikubali kukaa juu ya kitu kilichopinda bila kufanya kunyanzi. Dawa yake ni joto. Fundi huelekeza hewa ya moto kutoka mashine ya mkononi, akaisambaza polepole, na karatasi husinyaa kidogo kidogo mpaka ifuate mgongo wa kioo. Joto likizidi, karatasi huungua au kioo hupasuka. Likipungua, kunyanzi hubaki. Fundi hodari huimaliza kazi hii kwa kipande kimoja. Anayekata kioo cha nyuma vipande vitatu na kuviunga ameukwepa mtihani.

Kubandika ndiko hatua fupi kuliko zote. Utando wa kukinga gundi hubanduliwa, gundi na kioo hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, na karatasi huelea juu ya maji hayo hata iweze kusogezwa mahali pake. Kisha kikwangulio cha raba husukuma maji nje, kutoka katikati kwenda kingoni. Maji yakisha toka, gundi hushika.

Halafu huja subira. Kwa siku tatu au nne vioo visiteremshwe. Ukungu na vijitone vya maji vionekanavyo siku za mwanzo si kosa. Huisha jua likipata nafasi, na wakati wa masika huenda vikakaa majuma kadhaa. Lakini lengelenge lenye punje ya vumbi katikati haliishi kamwe. Mwenye gari alionapo, arudi kwa fundi.

Kwenye kioo cha nyuma mna jambo jingine la kuangalia. Zile nyuzi nyembamba zilizopita katikati yake ni za kupasha kioo joto na kuondoa ukungu, na baadhi ya magari huzitumia pia kama antena ya redio. Fundi anayeibandua karatasi kuukuu kwa kukwangua wembe juu ya nyuzi hizo huzikata, nazo haziungiki kwa urahisi. Njia njema ni mvuke au joto la jua, maji ya sabuni, na saburi. Hata baada ya kazi kwisha, kioo kisisafishwe kwa dawa yenye amonia. Kitambaa laini na maji yenye sabuni vyatosha.

Ngozi ya ngoma

Gari lililokwisha tiwa tinti na kukauka hupata mtihani wake wa kweli barabarani. Kutoka Ndeeba njia hupita Nateete na Busega, hutoka nje ya jiji kupitia Kyengera na Nsangi, kisha hupanda na kushuka vilima vyenye migomba hadi Mpigi. Mbele kidogo, mahali paitwapo Mpambire, kando ya barabara zimepangwa ngoma kubwa na ndogo. Hapa ndipo nyumbani kwa mafundi wa ngoma wanaojulikana Buganda nzima. Huivuta ngozi ingali mbichi, huikaza kwa kamba za ngozi kila upande kwa nguvu sawa, kisha huiacha ikauke na kujikaza yenyewe. Wakivuta upande mmoja kuliko mwingine, ngoma hutoa sauti mbovu. Kazi ya kioo cha nyuma haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Baada ya Buwama, kiasi cha kilometa 75 kutoka Kampala, barabara hukata Ikweta hapo Kayabwe, penye zile duara mbili kubwa nyeupe ambapo wasafiri hupigia picha. Mahali hapa pana somo kwa dereva. Kwenye Ikweta jua huchwa karibu saa moja jioni mwaka mzima, na magharibi yake ni mafupi. Tangu jua lizame mpaka giza kuingia ni muda wa dakika ishirini na kitu tu. Dereva aliyeondoka Kampala alasiri amesafiri na jua la magharibi likimwelekea usoni, na kwa dakika zile ishirini hutoka katika mwanga mkali akaingia gizani.

Watu wa barabara ya jioni

Saa hiyo ndiyo ambayo barabara ya Masaka ina watu wengi. Watoto hurudi na madumu ya maji. Wanawake hufunga vibanda vya ndizi na nyanya. Waendesha boda boda hutoka vijijini, wengine taa zao hafifu, wengine hawana kabisa. Mbele kuna bonde la Lwera, lenye maji pande zote mbili, na wauza samaki husimama ukingoni mwa lami wakinyanyua samaki wao kuwaonyesha wapitao. Kisha ni Lukaya, ambako wachuuzi wa nyama na kuku wa kuchoma hukimbilia magari yanaposimama.

Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva ambaye kioo chake cha ubavuni kimebakiza robo tu ya nuru, naye yu katika mwanga wa jioni unaopungua, huenda akachelewa sekunde ile moja kumwona mtoto anayetaka kuvuka. Mita 22 ni zaidi ya upana wa barabara hiyo mara mbili. Mtembea kwa miguu hana habari kwamba dereva hakumwona. Yeye ameliona gari, akadhani naye ameonekana. Zaidi ya hayo, mtu asimamaye kando ya barabara huutazama uso wa dereva ili ajue kama amepewa njia. Nyuma ya kioo cheusi hakuna uso.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeweka mipaka. Uingereza hutaka kioo cha mbele kipitishe asilimia 75 na vioo vya milango ya mbele asilimia 70, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ya jua kali kuliko la Kampala, uliruhusu mwaka 2017 tinti ya hadi asilimia 50 kwenye vioo vya pembeni na vya nyuma, lakini si kwenye kioo cha mbele. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilipiga marufuku mwaka 2012 kubandika karatasi nyeusi ya kiasi chochote kwenye vioo vya magari. Mataifa haya hayafanani kwa hewa wala desturi, ila yote yamekubaliana katika jambo moja: kioo kilicho mbele ya macho ya dereva ni cha kuonea kwanza. Kwenye kioo cha mbele, ukanda mwembamba wa juu kabisa watosha kukinga jua la magharibi.

Kanuni hubadilika, na mwenye gari hupata hasara akibandika leo kitu atakachoamriwa kubandua kesho. Yafaa aulize kwanza katika kituo cha polisi wa usalama barabarani, kabla hajatoa shilingi yake gerejini.

Langoni na nyumbani

Kwa familia za askari kuna mambo mawili ya kuzidisha. La kwanza ni la langoni. Askari wa zamu aliye kwenye lango la kambi au kizuizi cha barabarani hamjui aliye nyuma ya kioo cheusi, na kutojua huko ni hatari kwa pande zote mbili. Dereva mwenye adabu, hata awe mkubwa wa cheo, hupunguza mwendo mapema, huzima taa kubwa, huteremsha vioo vyote na kuwasha taa ya ndani wakati wa usiku, naye huweka mikono mahali pa kuonekana. Mke au kijana wa nyumbani anayeliendesha gari la familia afundishwe hivyo hivyo.

La pili ni la mtoto, na ni zito kuliko yote. Wako wazazi wanaodhani kwamba gari lenye tinti ni kama nyumba yenye kivuli, na kwamba mtoto aliyelala kiti cha nyuma aweza kuachwa humo mama akiingia sokoni mara moja. Si kweli. Gari lililofungwa juani huweza kuongezeka joto nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika kumi, na nyuzi 20 au zaidi kwa saa moja. Karatasi bora hupunguza mwendo wa joto hilo, lakini haiwezi kulizuia. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi sana kuliko wa mtu mzima. Nacho kioo cheusi humwongezea mtoto hatari nyingine: mpita njia ambaye angemwona na kupiga kelele hamwoni. Mtoto ashuke pamoja na mzazi, kila mara, hata kama amelala.

Mwenye kutaka tinti, basi, na ashike haya machache. Vioo vya kiwandani vilivyo vyeusi viachwe kama vilivyo, au vitiwe karatasi nyeupe ya kuzuia joto. Vioo vya mbele vitiwe karatasi nyepesi, iliyochaguliwa kwa kiasi cha joto inachozuia, wala si kwa weusi wake. Kazi ifanywe chini ya paa, sakafu ikiwa imemwagiwa maji, na mteja asimharakishe fundi. Siku ya kulichukua gari alitazame mara mbili: kwanza mchana, akitafuta kunyanzi, malengelenge na kingo zilizobanduka, kisha jioni, akiwa ameketi kwenye usukani huku mtu wa nyumbani kwake amesimama hatua thelathini kando ya gari, katika nguo nyeusi. Akimwona bila kukaza macho, kazi ni njema. Asipomwona, gari lirudishwe Ndeeba kesho yake asubuhi, kabla halijashika barabara ya Masaka.